Pampu ina geji, tairi bado laini: kosa liko wapi?

Kabla hujamrudishia mwenye duka pampu yake ya baiskeli, inama uitazame valvu ya tairi lako. Pampu nyingi ndogo zinazosingiziwa ubovu hapa Malindi ni nzima kabisa, ila zimekutanishwa na valvu au tairi ambalo hazikuundiwa. Na zile zilizoharibika kweli, nyingi zimeliwa na vitu viwili tulivyojaliwa kwa wingi, mchanga na hewa ya chumvi. Humu nafuata dalili: unachokiona kwenye sindano ya geji, kile kipimo cha presha, au kukihisi mkononi, kisha chanzo, kisha dawa. Anayetaka kununua asome pia, maana asiyejua pampu hushindwa wapi atachagua kwa rangi.

Valvu kwanza

Barabarani kwetu kuna valvu tatu. Black Mamba, zile baiskeli nzito zinazobeba mitungi ya maji, madafu na magunia ya makaa, huwa na valvu ya Dunlop, ambayo wengine huiita Woods. Ndani yake mna kipini cha chuma kilichovikwa mpira mwembamba. Upepo huingia kwa kuusukuma mpira huo utanuke. Ukiacha kusukuma, mpira hujibana na tundu hufungika. Ya pili ni Schrader, valvu ya gari, ile ile iliyo kwenye pikipiki na tuktuk: shina nene lenye nyuzi nje na pini katikati unayoweza kuibonyeza kwa ukucha. Baiskeli nyingi za gia za mtumba zinayo. Ya tatu ni Presta, nyembamba, yenye kinati nchani ambacho lazima kilegezwe kabla ya kupiga pampu. Hiyo utaikuta kwenye baiskeli za mbio na zile wanazokuja nazo wageni. Rimu ya Presta hutobolewa tundu la milimita 6, ya Schrader milimita 8, kwa hiyo huwezi kuamua tu kubadilisha tyubu bila kuangalia tundu.

Kichwa cha pampu za siku hizi huwa na matundu mawili, au kina kimpira ndani unachokigeuza, upande mmoja Schrader na upande wa pili Presta. Dunlop haitajwi kwenye boksi, na hapo ndipo mwenye Black Mamba hugeuka akaondoka dukani. Asiondoke. Upande wa Presta huishika Dunlop na kuijaza. Kitakachomsumbua si kichwa, ni geji, na habari hiyo inakuja.

Mkono unashuka bure, sindano imelala

Unapiga, mkono unashuka laini kama hakuna kitu ndani, tairi halijai na sindano haitikisiki. Fanya jaribio moja kabla ya kufungua chochote. Toa kichwa kwenye valvu, ziba tundu lake kwa kidole gumba kwa nguvu, kisha piga. Kidole kikisukumwa na mkono ukagoma katikati, pampu ni nzima. Kosa ni namna ulivyokiunganisha kichwa. Mara nyingi hakikuingia mpaka mwisho. Kisukume kwanza kabisa, mkono mwingine ukiwa umeshika tairi kwa nyuma ili valvu isirudi ndani ya rimu, ndipo uinue kibano. Tairi likiwa halina upepo kabisa, kaza kwanza ile nati ya chini inayoishika valvu kwenye rimu, la sivyo utaikimbiza valvu siku nzima.

Kidole kikiwa kimeziba na mkono bado ukashuka mpaka chini bila upinzani, tatizo liko kwenye wosha ya pistoni. Fungua kifuniko cha juu ya bomba, kwa kawaida ni cha kuzungusha, uitoe pistoni taratibu. Kwenye pampu kubwa za kusimama wanazotumia mafundi wengi, wosha ni ya ngozi na ina umbo la kikombe. Ngozi ikikauka husinyaa, ikaacha upepo upite kandoni. Idondoshee mafuta ya cherehani, iache inywe, kisha ikandekande kwa vidole mpaka mdomo wa kikombe utanuke uguse ukuta wa bomba. Unapoirudisha, mdomo uangalie chini, kule upepo unakobanwa. Ukiirudisha kichwa chini miguu juu haitabana kamwe, na wako watu wamenunua pampu mpya kwa kosa hilo.

Pampu ndogo za mkononi hazina ngozi, zina oringi, pete ya mpira. Ifute mchanga kwa kitambaa kikavu, ukague kama ina mkato, kisha ipake grisi ya silikoni kidogo sana. Usiisafishe kwa petroli wala mafuta ya taa. Mpira huvimba na kulegea. Mafuta ya kujipaka nayo si rafiki wa mpira wa asili, ingawa ndiyo yaliyo karibu katika kila nyumba. Kama huna silikoni, bora uiache kavu na safi mpaka uipate.

Mgumu tangu pigo la kwanza

Hapa sindano inakusaidia kuliko mkono. Tairi ni tupu kabisa, unapiga mara moja tu na geji inaruka psi 60 au 80 (psi ni kipimo cha presha). Tairi tupu haliwezi kupata presha hiyo kwa pigo moja. Maana yake upepo haujaingia. Umebaki ndani ya mpira wa pampu, ule mrija wa kupitisha upepo, ukiisukuma geji.

Kwenye Presta, kinati hakikulegezwa, au kimelegezwa lakini valvu imegandana na kiti chake. Kilegeze mpaka mwisho, kigonge kwa ncha ya kidole mpaka usikie kimetema upepo kidogo, ndipo uunganishe. Kwenye Schrader, kichwa hakijaifikia pini ya katikati: ama umetumia upande wa Presta, ama kimpira cha ndani kimewekwa kinyume. Kwenye Dunlop, ule mpira mwembamba umegandana na chuma kwa joto na uzee. Usiuchokonoe. Fungua nati, toa kipini, vua mpira wa zamani, vika mpya uliolowa mate uteleze. Fundi yeyote wa Black Mamba anao, na ni kitu cha bei ndogo mno, ndiyo maana nashangaa mtu hupiga pampu kwa hasira wiki nzima kabla ya kuubadilisha.

Kama tyubu ilitiwa maji ya kuziba pancha, yanaweza kuwa yamekauka ndani ya valvu. Chomoa kiini cha valvu, kisafishe au badilisha.

Geji yasema hamsini, tairi lanesa

Hili ndilo lalamiko kubwa, na ndilo linalostahili kukaliwa.

Nenda kwenye kibanda chochote cha fundi utasikia mazungumzo ya namna hii. Mteja amekuja na pampu mpya inayong'aa na Black Mamba iliyofungwa mitungi.

“Fundi, geji yasema hamsini, mbona tairi lanesa?”

“Una valvu ya mpira?”

“Ndiyo, hii ya Mamba.”

“Basi hiyo hamsini ni ya kwenye pampu, shehe. Ndani huenda hata arobaini haijafika.”

Fundi yuko sawa. Geji ya pampu haiko ndani ya tairi. Inasoma presha ya upepo uliobanwa ndani ya pampu au mpira wake, na baina yake na tyubu kuna valvu. Ni valvu inayoamua kama geji inasema kweli. Kwenye Schrader, kichwa kinaibonyeza pini na kuiacha wazi muda wote, kwa hiyo mpira wa pampu na tyubu ni chumba kimoja na namba unayoiona ndiyo iliyomo. Kwenye Presta, valvu hufunguka pale tu presha ya pampu inapoizidi ya ndani. Ukiunganisha tu, geji inaonyesha sifuri hata kama tairi limejaa. Piga mara mbili tatu ndipo sindano itapanda na kutulia karibu na ukweli. Watu hudhani tairi lilikuwa tupu, wakajaza mno.

Dunlop ndiyo yenye vitimbi. Ule mpira unahitaji nguvu ya ziada kuutanua, na nguvu hiyo inaonekana kwenye geji lakini haifiki ndani ya tyubu. Ni kiasi gani? Inategemea unene wa mpira, uzee wake na joto la siku, kwa hiyo hakuna namba ya kutoa moja kwa moja. Hata hivyo geji haiwi kazi bure. Jaza tairi mpaka likae sawa na mzigo unaobeba kila siku, bila kubonyea sana chini, bila kuruka kama mpira kwenye mawe, kisha soma geji. Tuseme imekwambia 60. Basi 60 hiyo ndiyo alama yako, si presha yako. Irudie kila unapojaza, na ukibadilisha ule mpira mwembamba, tafuta alama upya. Anayetaka namba ya kweli atalazimika kutafuta tyubu ya ukubwa wa tairi lake yenye Schrader. Tundu la milimita 8 la Black Mamba huipokea.

Kosa la pili ni kusoma sindano wakati mkono unashuka. Hapo inapanda na kushuka kwa kila pigo. Soma mkono ukiwa umetulia.

La tatu ni geji yenyewe kuwa kubwa mno kwa kazi yako. Pampu nyingi zina geji inayofika psi 160, kwa sababu zinatengenezwa na matairi ya mbio akilini. Mwenye baiskeli ya gia inayotaka psi 35 anaishi kwenye robo ya kwanza ya uso wa geji, ambako mistari imesongamana. Fanya hesabu: geji ikiwa na kosa la asilimia 3 ya kipimo chake chote, hiyo ni karibu psi 5 juu au chini. Kwa tairi la psi 110 si neno. Kwa tairi la psi 35 ni tofauti ya 30 na 40, na hiyo utaihisi kiunoni. Wanaopenda kuendesha ufukweni maji yakipwa, wakashusha upepo ili tairi lisizame mchangani, ndio wanaoumia zaidi, maana huko chini geji kubwa hubahatisha tu. Chagua geji ambayo presha yako inaangukia katikati ya uso wake.

Na la nne ni vipimo. Uso wa geji una duara mbili za namba, nyingine hata tatu. Bar 1 ni psi 14.5, kPa 100 ni bar 1. Tairi lililoandikwa kPa 300 linataka psi 43 na nusu. Kipimo cha kgf/cm², kinachoonekana kwenye bidhaa za Asia, kinakaribiana na bar: moja yake ni psi 14.2. Ukisoma duara la ndani kwa macho ya duara la nje utajiuliza mbona tairi halijai.

Presha ya kulenga, tazama ubavuni mwa tairi. Imeandikwa pale kwa herufi za kuchomoza, wakati mwingine kima cha chini na cha juu, wakati mwingine cha juu tu. Kwa makadirio, la 28 x 1½ la Black Mamba hukaa vizuri psi 40 hadi 55 kulingana na mzigo, la gia la inchi 2 hivi psi 35 hadi 50, na lile jembamba la mbio la 700 x 25 psi 80 hadi 110. Tairi la nyuma lipe zaidi kidogo, maana ndilo linalobeba mitungi.

Sindano hairudi sifuri

Ndani ya geji ya sindano mna kijibomba cha chuma kilichopindwa. Presha ikiingia hujaribu kunyooka, na mwendo huo mdogo huzungusha vijino vinavyosogeza sindano. Mfaransa Eugène Bourdon ndiye aliyeupatia hataza mtindo huu mwaka 1849, na bado ndio huo huo. Kijibomba kikizidishiwa presha hupindika moja kwa moja, na sindano haitarudi chini tena. Vijino navyo vikishikwa na kutu ya chumvi, sindano hukwama njiani, ukaigonga kwa ukucha ikaruka psi 10.

Ikiwa imekwama tu, igonge taratibu na uendelee, lakini usiiamini mpaka uilinganishe. Nenda na baiskeli yenye Schrader kwenye kituo cha mafuta au kwa mziba pancha wa bodaboda mwenye kompresa, pima tairi moja kwa geji mbili. Kompresa yenyewe usiitumie kujaza bila uangalifu: tyubu ya baiskeli ina nafasi ndogo, hujaa kwa sekunde chache, na mlio wake ukipasuka utageuza vichwa vya soko zima. Geji iliyopindika haina dawa. Kama ni ya kufunguka kwa nyuzi badilisha geji peke yake, kama imeungwa kabisa endelea kuitumia pampu, ukipima tairi kwa kulibonyeza kwa kidole gumba.

Geji za kielektroniki husomeka vizuri zaidi kwenye presha ndogo. Adui yao ni unyevu. Betri ya sarafu, mara nyingi CR2032, huota ukungu wa kijani kwenye miguu yake. Itoe kama pampu itakaa muda, ufute miguu kwa kitambaa kikavu.

Unachomoa, pssss

Mlio huo kwa kawaida hautoki kwenye tairi. Ni upepo uliokuwa kwenye mpira wa pampu. Ukitaka kuhakikisha, bonyeza tairi kabla na baada.

Upepo hupotea kweli katika hali mbili. Kichwa cha kuzungusha kwenye Schrader huendelea kuibonyeza pini wakati nyuzi zinafunguka, kwa hiyo kizungushe haraka, usibembeleze. Kwenye Presta, kichwa cha kuzungusha kinaweza kuondoka na kiini cha valvu, na hapo upepo wote wa tairi unatoka kwa mkupuo mmoja, wewe umeshika kiini mkononi. Kabla ya kujaza, kaza kiini kwa koleo ndogo, usitumie nguvu za kufungia nati ya gurudumu.

Kichwa kikitupwa na presha kabla ya kumaliza, kimpira cha ndani kimechakaa. Vingine vina sura mbili. Kigeuze upande usiotumika. Futa pia valvu, kwani mafuta ya mnyororo huifanya iteleze.

Umechoka kabla ya tairi

Hapa si ubovu, ni ndoa isiyofaa. Nguvu unayodaiwa ni presha mara eneo la uso wa pistoni. Pistoni ya kipenyo cha milimita 30 kwenye psi 100 inakudai uzito wa kilo kama 50. Ya milimita 20, presha ile ile, kilo kama 22. Kwa hiyo mwenye baiskeli ya mbio akinunua pampu nene atafika psi 70 akae chini.

Upande wa pili wa hesabu ni ujazo. Tairi la 26 x 2.1 lina nafasi ya lita 4 na ushei. Kulifikisha psi 40 unahitaji kuliingizia lita 12 hivi za hewa ya kawaida. Pampu nyembamba inayosukuma mililita 50 kwa pigo itakudai mapigo 240, na hiyo ni hesabu ya karatasini ambayo haina jasho wala uvujaji. Tairi la Black Mamba mpaka psi 50 ni mapigo kama 180. La mbio mpaka psi 100 ni 140 tu, lakini ya mwisho ni ya kung'ata meno. Tairi nene linataka bomba nene, tairi jembamba linataka bomba jembamba. Pampu nyingine huandikwa HV kwa zinazosukuma upepo mwingi na HP kwa za presha kubwa. Usichukue iliyoandikwa kinyume na baiskeli yako eti kwa sababu ni fupi inaingia mfukoni.

Ukipiga mfululizo bomba linachemka, hasa upande wa kichwa, kwa kuwa upepo unaobanwa hutoa joto. Ndiyo kawaida. Pumzika kidogo, oringi nayo ipumzike.

Pampu ndogo za betri zimeanza kuonekana, unaiwekea psi na inajizima yenyewe. Ni starehe kwa Schrader na Presta. Kwenye Dunlop hujizima mapema, kwa sababu kipimo chake nacho kiko upande wa pampu, kinadanganywa na ule ule mpira wa valvu.

Mkono unapanda wenyewe

Unasukuma chini, ukiachia unarudi juu bila kuvutwa. Upepo unarudi kutoka tairini au kwenye mpira. Ile valvu ndogo ya ndani ya pampu inayouzuia upepo usirudi nyuma imekamata chembe. Kwetu chembe hiyo ni mchanga, karibu kila mara. Fungua sehemu ya chini ya bomba au kichwa, puliza, futa, rudisha. Pampu ikibebwa kwenye fremu ikiangalia juu njia ya Marafa, itakula vumbi kila safari. Ifunge kichwa kiangalie chini, ukivike kipande cha tyubu kuukuu.

Jioni limejaa, asubuhi laini

Pampu haina hatia hapa. Tia mate juu ya valvu uangalie kama yanatoa mapovu. Yakitoa, kaza kiini au badilisha mpira wa Dunlop. Yasipotoa, pitisha vidole ndani ya tairi polepole: mbigili, mwiba wa mgunga, au mathenge kwa wanaotoka njia ya Garsen. Mbigili huvunjikia ndani ukabaki ncha tu, na ukiweka kiraka bila kuitoa utarudi kwa fundi kesho.

Kuna wanaoogopa kujaza vizuri wakisema jua la Malindi litapasua tairi. Tairi la psi 40 kukiwa nyuzi 25 asubuhi, likipata joto mpaka nyuzi 45, hufika psi 44 hivi. Hilo halipasui tairi lisilo na kasoro. Linalopasuka lilikuwa limechanika ubavu au tyubu ilibanwa kwenye rimu tangu lilipofungwa.

Kichwa kimeganda kwenye valvu

Hii ni ya watu wa pwani. Alumini ikikaa juu ya shaba penye chumvi na unyevu, alumini huliwa na vyuma viwili hushikana kama vimechomelewa. Shina la Schrader ni la shaba. Vifuniko vya valvu vya alumini vya rangi rangi vinapendeza dukani, lakini ukiviacha mwezi mzima kwenye baiskeli inayolala karibu na bahari utavikata kwa msumeno. Tumia vya plastiki. Kichwa cha pampu cha alumini chenye nyuzi nacho usikiache kimefungwa kwenye valvu ati ndipo pahali pake. Kikishaganda, mimina maji ya moto, sio ya kuchemka, kisha zungusha kwa koleo mbili, moja ikishika shina ili lisichanike chini kwenye tyubu.

Pampu iliyopigwa na maji ya bahari isuuze kwa maji ya mvua au ya bomba na uianike kivulini, mkono ukiwa umevutwa nje.

Dukani

Nenda na baiskeli, usiende na maelezo ya baiskeli. Geji ikae sifuri kabla ya kuguswa. Ziba kichwa kwa kidole, piga mara moja, tazama sindano ikae palepale kwa muda wa kuhesabu kumi. Ikiteremka, inavuja ikiwa mpya. Achia, ione inarudi sifuri bila kugongwa. Tafuta presha yako kwenye uso wa geji uone kama mistari yake inatofautishika macho yakiwa mbali kwa urefu wa mkono, kwani hivyo ndivyo utakavyoisoma ukiwa umeinama kando ya barabara ya Gede magari yakikupita.

Chukua yenye mpira wa kuunganisha, hata mfupi. Pampu ambayo kichwa chake kinakaa moja kwa moja kwenye valvu huitikisa valvu kwa kila pigo, na Presta huvunjika nchani kwa mtindo huo. Ikiwa na kikanyagio kidogo cha kuishikilia chini kwa mguu, bora zaidi, kwa sababu unasukuma kwa uzito wa mwili badala ya misuli ya mkono. Mabano ya kuifunga kwenye fremu yawe na ukanda, si ya kubana tu, la sivyo matuta yataitoa. Kisha muulize muuzaji kama ana oringi na kimpira cha kichwa cha pampu hiyo hiyo, vinavyouzwa peke yake. Akisema hana na hajawahi kuvileta, omba uone nyingine.